Mafua Wiki ya Gorila

Jumatatu, tarehe 9 Juni
Nimepata nafasi! Alhamisi naingia msituni kuwaona gorila. Imebidi. Miaka yote nawachonga kwa ajili ya wageni, sijawahi kumwona hata mmoja. Tindyebwa, mchongaji wa kibanda cha jirani, katangaza sokoni kwamba gorila wangu ni mbwa waliokaa vibaya. Watu wakacheka. Hata mke wangu, Ninsiima! Na Jumamosi hoteli inachagua mchongaji wake, mmoja tu. Tindyebwa atanitambua.

Jumanne, tarehe 10 Juni
Pua inavuja. Balaa gani hili! Gorila wakiambukizwa mafua yetu hufa, kwa hiyo mgonjwa haruhusiwi kuwasogelea. Ninsiima kasema, Baba Ankunda, nenda kaseme ukweli, watakupa siku nyingine. Siku nyingine, baada ya Jumamosi? Thubutu! Nimetafuna tangawizi mbichi mpaka machozi.

Alhamisi, tarehe 12 Juni
Pamba puani, barakoa juu, kimya. Askari wa msitu, mama mmoja mwenye macho makali, kauliza nani anaumwa. Nikatikisa kichwa. Kauliza jina. Kwa pamba zile, Tibenderana ilitoka kama sauti ya mtu anayezama. Kasema hebu mzee, shusha hiyo barakoa. Nikashusha. Chafya! Pamba moja ikatua kwenye buti lake. Kasema ningesema mapema ningepangiwa siku nyingine. Kwa uongo huu, nafasi sina tena.

Nafika nyumbani, Ninsiima hana mbavu kwa kicheko. Asubuhi gorila walitoka msituni wakaingia kwenye migomba yetu! Ukoo mzima! Dume lenye mgongo wa mvi limekula mgomba wa nyuma ya choo. Tindyebwa alikuja kuazima msumeno, akawatazama kutoka mlangoni kwangu mpaka walinzi walipowarudisha. Kawachora pia. Kwa penseli yangu! Nimelala bila kula.

Jumamosi, tarehe 14 Juni
Hoteli imemchukua Tindyebwa. Gorila niliyempeleka mimi wamemsifu sana, wamesema ni mbwa mzuri, wanamtaka langoni. Mshenzi Tindyebwa kanipa pole.

Sikati tamaa. Nimeangusha migomba mitatu, nimeitandaza karibu na dirisha ili gorila waje tena. Ninsiima kang'aka: na hayo mafua yako je? Nimemwonyesha pamba mpya.