Seva ya Michezo Ndani ya Kabati Langu la Harusi

Mtaa wa nyuma ya stesheni, Tanta

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Kompyuta Nyumbani,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni Inshirah Abdel-Gawad, mwalimu mstaafu wa jiografia. Ni msomaji wako wa kulazimishwa, maana mume wangu Wagdi hukusoma kwa sauti mezani. Naandika kwa heshima zote kukuomba uifute ile makala yako ya kuchagua vifaa vya seva ya michezo, kisha uje Tanta uitoe seva, hiyo kompyuta ya mchezo aliyoiunda Wagdi kwa kukusoma, ndani ya nish yangu kabla ya Idi.

Nish hiyo ni kabati la vioo alilonipa marehemu baba nilipoolewa. Alilipitisha mtaani juu ya lori, na zumari mbele, ili kila mtu avione vikombe vyangu vya kaure. Tangu siku hiyo hakuna aliyevinywea, na ndivyo inavyotakiwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliandika kwamba mchezo wa kujenga miji hauhitaji kompyuta ya fahari, bali kumbukumbu ya kutosha na diski ya kasi isiyozunguka. Wagdi akasoma kumbukumbu, la diski akaliruka. Akaenda kuomba diski ya kuzunguka iliyotolewa kwenye kamera za ulinzi za duka la halawa la jirani, eti ina nafasi kubwa. Jamani! Diski imetazama watu wakinunua halawa miaka yote hiyo, imechoka. Inakwaruza kama mtu anayetafuna karanga msibani. Wajukuu wetu, Gannah na Ziad, wako Kuwait na mama yao, na kila Ijumaa wanakutana na babu yao humo mchezoni. Wakifungua tu mlango wa nyumba waliyojenga, dunia nzima inaganda, na Gannah anapiga simu: "Babu, nimenasa ukutani, nitoe!"

2. Uliandika seva iwekwe mahali pakavu, pasipo vumbi, pasipoguswa na mtu. Hivi wewe huna mke? Hapa kwetu zikivuma pepo za jangwani, za khamsini, vumbi linaingia hadi ndani ya sukari. Nyumba nzima ina mahali pamoja tu pa namna hiyo. Wagdi alipoinua macho kutoka gazetini na kuanza kuangaza sebuleni, nilikimbia kusimama mbele ya nish.

3. Ukaandika hewa ipite. Akachukua keekee, akatoboa tundu mgongoni mwa nish na kupachika feni. Nilipiga ukelele jirani akaja na ndoo ya maji. Wagdi ananiambia, "Inshirah mpenzi, ni katundu tu, tena kako nyuma." Nyuma! Hata mwizi hupitia nyuma.

4. Vikombe vikahamia jikoni, na kwa kuwa jikoni hakuna nafasi ya kuviweka, tunavitumia. Ndiyo, umesoma vizuri, tunavitumia! Juzi nimemkuta Wagdi anachovya mkate kwenye bakuli langu la supu, lile lenye mistari ya dhahabu, kalijaza maharage ya ful. Nilikaa chini. Kikombe kimoja kimeshavunjika. Nikasubiri balaa lije, halikuja. Labda nalo limeganda linasubiri diski.

5. Hili sasa ndilo litakaloniua. Wifi yangu Rawheya, dada yake Wagdi, anakuja Idi. Huyo akiingia nyumba ya mtu huisalimia nish kwanza, watu baadaye. Mwezi uliopita alichungulia akaona taa za kijani zinapepesa pale palipokaa birika. "Yuu! Wifi, siku hizi dawa ya mbu ya umeme mnaiweka kwenye nish?" Wagdi bila haya akamjibu, "Hiyo seva, dada. Wajukuu wanaishi humo." Rawheya akanyamaza. Rawheya akinyamaza, ujue mtaa mzima utasikia kabla sufuria haijaepuliwa. Sasa nikienda sokoni naulizwa kwa huruma kama tumefilisika tukauza vyombo.

Kwa hiyo naomba makala za vifaa zisichapishwe bila idhini ya wake wa wasomaji. Naomba pia masahihisho, kwa herufi kubwa, kwamba mahali pasipo vumbi si nish. Ukishindwa yote hayo, njoo mwenyewe siku ya Idi usimame mbele ya kabati mpaka Rawheya aondoke. Vaa nguo pana. Kahk, biskuti zetu za Idi, zitakuwepo za kutosha.

Wasalimie wote ofisini, mpiga chapa asisahaulike, na mkeo kama yupo, mwambie namhurumia sana.

Wako mwenye subira inayoelekea ukingoni,
Inshirah Abdel-Gawad

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha umeme ukakatika. Uliporudi, diski ikakwaruza mara moja, kimya. Wagdi alikaa sakafuni mbele ya nish. Gannah akapiga simu analia: "Bibi, nyumba yetu imekufa?" Nilikaa sakafuni karibu na Wagdi mpaka diski ilipokubali kuzunguka tena, na sioni aibu kusema nililia.

Ndugu Mhariri, hayo ya juu yaache. Nijibu hili kabla ya Ijumaa: nikinunua diski mbili zisizozunguka, moja ikiwa nakala ya mwenzake, pamoja na betri ya kushikilia umeme unapokatika, vyote vitaenea kwenye rafu ya chini? Sahani nimeshazitoa mwenyewe. Wagdi asijue, anadhani bado nimenuna.

Wale watoto wamenijengea chumba humo ndani ya mchezo. Wameniwekea na nish, na vikombe vyote wamevipanga, hata kile kilichovunjika. Nimewaambia ole wake atakayevigusa.