Mugongo wangu na miguu ya Béni

Leo haya imenimaliza, wamama. Imenimaliza kabisa. Ninyi muko huko Yahuma mulikimbia vita, munakula pondu na amani. Basi mukae chini, nawaandikia mbele sijabadilisha mawazo.

Munamujua mujukuu wangu Béni. Miezi kumi na nane, mashavu kama mikate, lakini hatembei. Hata kutambaa hatambai. Bokilo yangu Mama Henriette, mama ya baba yake, mwanamuke ya Wagenia, mugumu kama mawe ya maporomoko, alishakata maneno: "Mutoto huyu walozi wamemufunga miguu. Jumamosi tunamupeleka kwa nabii." (Nabii yule munamujua. Mutoto anaingia pale, siku tatu hapewi hata maji.) Juma nzima sikusinzia.

Nikamwambia: "Ngoja kwanza. Kwa kituo ya watoto kuna mama mumoja, Mama Kito, anafundisha wadogo kukaa, kukamata kijiko, kusimama. Yeye aseme."

"Bon. Na miye nakuja. Nataka kusikia na masikio yangu."

Asubuhi tukaenda. Kwa barrière ya waasi, pale walifunga njia, tulipita macho chini, Béni mugongoni, kikwembe imefungwa nguvu, kama kila siku.

Kituo ni chumba kimoja, mukeka chini. Juu ya nyumba fundi anatengeneza bati zenye mabombe yalitoboa. Kulikuwa mama mwingine na musichana wake munene, sawa na Béni.

Mama Kito akamupa Béni vifuniko vya chupa na kikombe. Béni akaviokota na vidole viwili, kimoja kimoja, akatia ndani. Akakamata kijiko, uji ukafika mudomoni (na puani kidogo). Nikamutazama bokilo: unaona?

Alafu Mama Kito akashika miguu. Akaikunja, akainyoosha.

"Koko," akaniita, kama wanavyoita nyanya wote hapa, "kwa nyumba mutoto anakaa wapi?"

"Mugongoni."

"Na ukipika?"

"Mugongoni."

"Na ukifagia?"

"Mama, weye uko mugeni kwa muji huu? Bombe haipigi hodi! Mama yangu alikimbia waasi wa zamani na miye mugongoni. Na miye nilikimbia na binti yangu. Ukimuweka mutoto chini, utamuokota saa ngapi?"

Nilisema ile na kifua mbele.

Mama Kito hakucheka. "Koko, miguu iko mizima. Mutoto wa miezi yake anapaswa kushika benchi, asimame, aanguke, ainuke. Huyu hajaanguka hata siku moja. Haiko ulozi. Iko mugongo wako."

"Maneno tu," Mama Henriette akasema. "Asimame nione."

Wakamuweka Béni karibu na benchi, ndizi juu yake. Akavuta. Akapanda magoti. Miguu ikatetemeka... akasimama! Mama Kito akatoa ndizi pole pole, akamupa Mama Henriette upande wa pili. "Muite, mama."

"Béni, kuja."

BAM!

Wamama, sikufikiri. Nilinyakua mutoto, mugongoni, fundo, nje! Viatu vilibaki. Nikapita kisima, nikaruka ndani ya mutaro, kichwa ndani ya matope. "Mulale! Mulale wote!"

Bombe ya pili haikuja.

Alafu mutoto mugongoni akanivuta hereni. Béni hajawahi kunivuta hereni. (Eh, ndiyo. Musichana munene.)

"Koko, rudisha mutoto wangu!" Mama yake huyo, anakimbia. Waasi wa barrière walicheka mupaka mumoja akakaa chini na bunduki yake. Na fundi juu ya nyumba anaomba musamaha: bati ilimuponyoka ikaanguka juu ya saruji.

Nikarudi, matope mupaka kwa nyusi. Béni yuko mikononi mwa Mama Henriette, anakula ndizi. Na yule mwanamuke mugumu analia.

"Ametembea. Hatua tatu. Alikuja kwangu. Miye!"

"Béni, tembea tena, koko aone!"

Béni akanitazama, akaendelea na ndizi.

Habari ya nabii imekufa, bokilo mwenyewe amesema. Mungu ashukuriwe. Lakini tangu saa sita anazunguka nyumba kwa nyumba, anaonyesha zile hatua tatu na miguu yake mwenyewe. Na miye niliyemubeba miezi yote ile nilikuwa mutaroni na mutoto wa wenyewe!

Mucheke huko huko, mumalize. Na siku mutarudi, mukinisikia nikieleza watu namna niliona hatua ya kwanza ya Béni na macho yangu mawili, munyamaze.