Kosa la Kufundisha Ana kwa Ana

Kuanzia Jumatatu, ilitangazwa, hakuna mtoto wa kidato cha kwanza wala cha pili katika vijiji vya nyuma ya Balangdalalu ambaye angelazimika tena kumwona mwalimu wake. Tangazo lilisomwa siku ya mnada, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari jeupe, kati ya mbuzi na mitumba. Msomaji alikuwa Bwana Wolfgang Qamara mwenyewe, Mratibu Mwandamizi wa Wakala wa Kuongoza Familia Mtandaoni. Alilisoma mara mbili, ya pili taratibu zaidi, ili kuwapa watu nafasi ya kushukuru.

Hakuna aliyeshukuru. Bwana Wolfgang hakuvunjika moyo. Kwenye semina alifundishwa kwamba jamii hupita kwanza katika hatua ya mkanganyiko ndipo ifike hatua ya umilikishwaji, na kwa jinsi watu walivyokuwa wanamkodolea macho, mkanganyiko ulikuwa unaenda vizuri sana.

Mpango wenyewe ulikuwa umefikiriwa kwa kina. Wakala ulikuwa umeleta vishikwambi kwa ajili ya wanafunzi. Vishikwambi ni mali ya thamani, haviwezi kulala nje, na sekondari ya kata haikuwa na stoo. Basi wanafunzi walitolewa madarasani ili vifaa vyao vya kusomea viingie. Milango ikafungwa kwa makufuli mapya. Vishikwambi havikugawiwa, kwa sababu kila kimoja kilihitaji nywila, na nywila zilikuwa zimetumwa kwa wazazi kwa barua pepe. Wazazi hawakuwa na barua pepe. Hilo, Bwana Wolfgang alieleza, lilikuwa jambo la upande wa mzazi. Wakala ulishatimiza upande wake.

Kabla ya milango kufungwa aliitisha kikao cha wazazi uwanjani. Wa kwanza kusimama alikuwa Gidamis, mfugaji wa rika la baba yake Bwana Wolfgang, amejifunga shuka, fimbo begani.

"Mheshimiwa, mimi sina maneno mengi," alisema. "Mwalimu yupo. Mtoto yupo. Darasa lile pale. Sasa huu mtandao unakuja kutuletea nini?"

"Unakuja kuongeza ufikiwaji, mzee wangu."

"Nani anamfikia nani?"

"Mwalimu anamfikia mwanafunzi."

Gidamis alimtazama Mwalimu Evaline, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na chaki bado mkononi. "Mwalimu huyu jirani yangu. Jana jioni alikuja kuchukua maziwa. Alifika."

Watu walicheka. Bwana Wolfgang alicheka pia, kwa kuwa mwongozo ulishauri hivyo, kisha akafunga kikao.

Gidamis hakucheka. Binti yake, Judith, alikuwa kidato cha pili, na mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia. Kwao, ndugu walimwacha binti kwa amani wakati wote alipokuwa anavaa sare asubuhi. Akianza kuonekana nyumbani mchana, anachota maji na kuchunga ndama, wajomba walianza kupita kusalimia, na wakishasalimia walikuwa na jina la kijana fulani wa upande wa Basotu anayetafuta mke. Wiki ile wajomba walikuwa wameshapita. Gidamis aliwaambia binti bado yuko shule. Wakamuuliza shule gani, nayo ina makufuli.

Ikabaki kutafuta mtandao. Kijijini hapakuwa na mtandao wa kutosha hata kupokea ujumbe, ila juu ya kilima nyuma ya josho la ng'ombe ulipatikana, upepo ukitulia. Judith akapanda na simu ya baba yake. Aliwakuta wenzake wameshafika. Na Mwalimu Evaline naye alikuwa juu ya jiwe, amejifunika kitenge mpaka masikioni, anatafuta mahali pa kutuma somo.

Siku ya kwanza walifuata mpango. Mwalimu aliandika somo la hesabu kwenye simu yake, akabofya, na wanafunzi waliokaa mbele yake wakasubiri liwafikie. Lilipanda kwenda kwenye mnara, likaenda linakokwenda, likarudi kilimani vipande vipande. Wengine walipata swali bila mfano, wengine mfano bila swali. Bando likaisha. Siku iliyofuata mwalimu aliweka simu mfukoni, akaegemeza kipande cha bati kwenye jiwe, akatoa chaki, akafundisha.

Hapo masomo ya mtandaoni yakashika kasi. Watoto walikuja kutoka hadi vijiji vya jirani. Gidamis alikuwa anapandisha ng'ombe wake upande ule ili akae karibu asikilize, na wajomba walipopita tena aliwaonyesha kilima.

Sifa zilimfikia Bwana Wolfgang ofisini kwake Katesh kwa namna iliyompendeza: watoto wote wanapanda kilimani kwenye mtandao kila siku, kwa hiyo kata yake ilikuwa inaongoza kwa mahudhurio ya mtandaoni. Aliandika taarifa siku hiyohiyo. Ndani yake alieleza kwamba familia zimeongozeka kikamilifu, na kwamba kuwepo kwa mtu mahali pa kazi ni tabia ya kizamani inayoelekea kutoweka. Mkurugenzi wa Wakala huko Dodoma aliipenda taarifa hiyo kiasi cha kuomba kuona mafanikio kwa macho yake, mubashara, pamoja na wafadhili.

Ndiyo maana Alhamisi ya wiki iliyofuata gari jeupe lilisimama chini ya kilima. Bwana Wolfgang alipanda na suti, akihema, nyuma yake dereva Nicodemo amebeba simu na kijiti chake cha kupigia picha. Alipofika juu alisimama kama mtu aliyekuta nyumba yake inawaka.

"Mwalimu. Unafanya nini hapa?"

"Shikamoo," alisema Mwalimu Evaline. "Nafundisha."

"Naona unafundisha. Nauliza, unafundisha kwa chombo gani?"

Mwalimu aliangalia chaki yake. "Kwa mdomo, zaidi."

Bwana Wolfgang alimvuta pembeni. Hakuwa mtu katili, aliona tu uzito wa jambo. "Mwalimu, hili linaitwa kufundisha ana kwa ana. Ni kosa. Mimi nimewaandikia Dodoma kwamba hawa watoto hawakuoni. Sasa wanakuona, tena kwa karibu. Unataka niandike nini? Kwamba mwalimu amekutwa na wanafunzi?"

"Wana mtihani, mratibu."

"Mtihani una utaratibu wake, na mimi nina wangu. Nikisema neno moja, wiki ijayo uko kituo kingine, tena ambacho hata barabara haifiki."

Mwalimu Evaline alitia chaki mfukoni. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani na mama mgonjwa, na alijua vituo hivyo vipo. Bwana Wolfgang akampangia: yeye akae nyuma ya jiwe kubwa, bati lilazwe kwenye nyasi, wanafunzi wageuke waupe mgongo upande huo na kuangalia simu, zenye chaji na zisizo na chaji. Gidamis aliuliza yeye ageukie wapi. Aliambiwa asimame na ng'ombe, apendezeshe mandhari.

Simu ikaita. Uso wa Mkurugenzi ukatokea kwenye kioo, na kando yake nyuso ndogondogo za wafadhili.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," alianza Bwana Wolfgang, "hapa unaona jamii iliyomilikishwa."

"Naona," alisema Mkurugenzi. "Mwalimu wao yuko wapi?"

"Hayupo kabisa, Mheshimiwa."

"Vizuri sana. Mpe simu mwanafunzi yeyote."

Nicodemo alimsogezea Judith, aliyekuwa karibu. Judith alisalimia, akaulizwa kama anaelewa masomo. Alisema anaelewa. Akaulizwa hesabu, akajibu sawasawa. Mfadhili mmoja akapiga makofi.

"Na huyu mratibu anakusaidia nini katika masomo yako?" aliuliza Mkurugenzi.

Judith alitaka kujibu kwa haki. Hakupenda kumsingizia mtu mzima. "Leo ndiyo mara ya kwanza amekuja," alisema. "Ametuambia tugeuke."

"Kabla ya hapo hakuwahi kuja?"

"Hapana. Tulikuwa tunasoma tu."

Bwana Wolfgang alitabasamu kwa meno yote. Huko Dodoma palikuwa na minong'ono, kisha Mkurugenzi akarudi, uso umeng'aa.

"Wolfgang, hongera. Wafadhili wamefurahi mno. Wanasema mafanikio yote haya yamepatikana bila mtu yeyote kuwepo."

"Bila mtu yeyote, Mheshimiwa."

"Hata wewe."

"Hata mimi..." Akaisogelea simu. "Yaani, mimi nilikuwa naratibu."

"Uliandika mwenyewe kwamba kuwepo ni tabia ya kizamani. Hatuwezi kuwaambia watoto hivyo, halafu sisi tuna ofisi Katesh, gari na mratibu. Tumekubaliana sasa hivi. Ofisi inafungwa leo. Vishikwambi vitarudishwa Dodoma kusasishwa, lori litafika kesho. Na wewe utaratibiwa mtandaoni."

"Nitaratibiwa na nani, Mheshimiwa?"

"Na mfumo. Kaa karibu na simu."

"Mheshimiwa, kuna mambo lazima mtu awepo. Mkiniona uso kwa uso, nikija hapo nikaeleza..."

Upepo ukavuma. Uso wa Mkurugenzi ukaganda mdomo wazi, ukapotea.

Punde simu ya Nicodemo ikalia. Alisikiliza, akasema "sawa" mara kadhaa, akamkabidhi Bwana Wolfgang kijiti na simu iliyokuwa juu yake. "Bosi, wanasema gari liondoke sasa hivi hivi kwenda Dodoma. Tupu. Wamesisitiza tupu." Alikuwa mtu wa adabu, akainamisha kichwa kidogo kabla ya kuteremka. Gari lilitimua vumbi kati ya mashamba ya ngano, likaenda.

Bwana Wolfgang alibaki amesimama. Alitazama huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumpa maagizo. Mwishowe alimwendea Gidamis, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kata ile akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Usafiri wa kwenda Katesh unapatikana wapi?"

"Leo hakuna. Labda ukae, jioni nitamuuliza mtu mwenye pikipiki." Gidamis alisema bila kinyongo, akarudi kwa ng'ombe wake.

Mwalimu Evaline alitoka nyuma ya jiwe. Hakumwangalia mratibu. Aliinua bati, akalifuta nyasi, akaliegemeza tena pale lilipokuwa. Wanafunzi waligeuka bila kuambiwa. Aliwaambia lori likishabeba mizigo, Jumatatu watakuwa darasani, kwa hiyo leo wamalize sura hii, na akaanza kuandika swali.

Bwana Wolfgang aliinua simu juu kutafuta mtandao. Akasogea kushoto, akasogea kulia, akapata alama moja ya mtandao, akasimama hapohapo asiipoteze.

"Samahani," alisema Judith nyuma yake, kwa heshima yote. "Umetukinga, hatuoni bati."

Bwana Wolfgang akasogea.