Fimbo za Madam Felicitas na Mvua ya Novemba

Jumatano, 5 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Asante Mungu, mahindi yalikuwa yanalia. Asante tena: Madam Felicitas, yule mwalimu mkuu mstaafu, atanijaribu Jumamosi kwenye mashindano ya gofu. Nikimbebea begi vizuri, nitakuwa kedi wake wa kila wiki. Hakuna tena kusimama langoni mwa klabu nikingoja kuchaguliwa kama kuku wa sokoni! Nimepewa fimbo zake niziandae kwa mvua. Bundi, kedi mwenzangu aliyelitaka begi hilo, ameniambia, Mama Kawira, gofu si kuchunga mbuzi. Nimemwombea. Kidogo.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefua taulo za Madam. Hazikauki. Nimezianika juu ya moto wa mama mkwe. Sasa zinanuka moshi kama nyama. Lakini ni kavu, nashukuru.

Shida ni mipini. Ikilowa, fimbo inateleza mkononi. Nimewaza mchana kutwa. Jioni nimemwogesha Kawira wangu, nikampaka mafuta ya kukamulia ng'ombe. Tone la maji likaviringika mgongoni kama kwenye jani la nduma. Halikuingia! Mwathani, Bwana wangu, kumbe unawapa akili hata walioishia darasa la saba.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepaka mipini yote, mara mbili. Mama mkwe ameuliza kopo lake la mafuta limeenda wapi. Nimesema mtoto ana ngozi kavu. Bundi naye ameuliza nasugua nini hapo. Nimemwambia wengine wana kipawa, wengine wana mabega tu. Nimelipenda sana jibu hilo.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua yenyewe! Shimo la kwanza, Madam ameshika fimbo kubwa, akauliza mbona kunanuka zizi. Nikasema ni mvua hiyo. Akapiga. Mpira ukabaki. Fimbo ikaenda! Ikapita juu ya mwavuli wa mwenyekiti wa klabu, ikanasa kwenye mti wa mgrevilea, juu kabisa. Bundi alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Madam akaniuliza nimefanyia nini fimbo zake. Nikasema nimezikinga. Akanusa viganja. Akasema yeye pia anafuga, hayo mafuta anayajua.

Nikaiona kazi ikiondoka. Nikavua viatu, nikapanda. Bundi akapaza sauti, wewe, huku kwetu mwanamke hapandi mti! Nikamwambia basi aje apande yeye. Akaanza kujifuta matope. Nimeshuka na fimbo, sketi imepasuka. Madam akaipokea, akaipangusa. Kisha radi, mashindano yakaahirishwa. Asante Mungu kwa radi.

Jumapili, 9 Novemba

Madam amenipigia simu baada ya kanisa. Nilikaa chini kwanza. Amesema makedi wengi wamempotezea vitu wakasingizia upepo, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumpandia mti. Begi ni langu! Sharti ni moja: nisipake mafuta kitu chake chochote tena, hata nikiota. Nimeapa. Nimemkumbatia Kawira tukalia wote, yeye kwa sababu ya njaa. Hata Bundi amenipongeza, ingawa bado anacheka. Mungu ni mwema.

Mashindano ni Jumamosi ijayo, na mvua bado ipo. Sasa shida ni viatu vya Madam. Matope yanaganda chini, anatembea kama amebeba shamba. Nimeshapata dawa: mshumaa. Nitasugua soli mpaka ziwe laini kama kioo, matope yakose pa kushika. Mafuta sigusi! Mimi nikiapa, nimeapa.