Kijiko cha Nguvu

Jumatatu, 4 Machi

Atakayeikuta shajara hii nikishakufa, asome polepole na asicheke. Nina siri. Ndani ya buti langu la mvua, la kushoto, kuna kopo la maziwa matamu, yale mazito yanayovutika kama gundi. Binti yangu hajui. Muuguzi wa kliniki hajui. Buti lenyewe halijalalamika.

Nakiri sasa kwa sababu leo nilikufa kidogo. Baada ya chakula cha mchana nilitokwa na jasho, moyo ukaenda mbio kama mtoto aliyevunja kioo cha jirani, miguu ikawa pamba. Nikajilaza, nikakunja mikono kifuani kwa heshima, nikangoja. Mauti hayakuja. Nikaamka na njaa.

Tumbo langu lilipunguzwa mwaka jana. Daktari alikata sehemu kubwa, akaniachia kifuko kisichozidi ndizi moja. Magoti yalifurahi, presha ikashuka, suruali zikaniaga. Niliambiwa uchovu wa mwanzo utapita, kisha nguvu zitarudi. Za wenzangu zimerudi. Zangu bado zinazurura.

Na sasa kuna Dada. Mkubwa wangu, mkaguzi mstaafu wa shule, ambaye mpaka leo hajastaafu kukagua. Amepiga simu: Jumapili anakuja kunitazama nikipanda ngazi kutoka chini mpaka kwangu, ghorofa ya tatu. Nikishindwa, nafungasha na kuhamia kwake, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Nikamwambia ngazi nazipanda kama paka. Akasema, "Paka yupi, mdogo wangu? Yule aliyekufa?"

Kwa Dada redio huzimwa taarifa ya habari ikiisha, na madirisha hufungwa mwaka mzima kwa kuogopa upepo. Nilikua chini ya amri zake. Sitaki kufia chini ya amri zake.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji amepita asubuhi, mluzi wake ukimtangulia ngazi nzima. Ni mdogo wa kiume wa marehemu mke wangu, dereva mstaafu wa lori. Zamani usukani ulikuwa umemchimbia mfereji tumboni. Tulipasuliwa na daktari mmoja, mwezi mmoja. Sasa anaruka kamba! Mzee mzima!

Alinikuta nimevaa soksi moja, napumzika kabla ya kuanza ya pili. Akauliza anisaidie au akaite winchi. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Akasema hiyo baraka ikifika itanikuta peku.

Acha acheke. Nilifundisha baiolojia maisha yangu yote. Mmeng'enyo wa chakula niliuchora ubaoni kwa chaki za rangi, baba wakasoma, wana wakasoma. Najua ninachokijua: sukari ni nguvu. Kwa hiyo kijiko kimoja kabla ya kazi yoyote nzito.

Leo nilikula kijiko, nikashuka mpaka kwenye masanduku ya barua, nikaanza kupanda. Ghorofa ya kwanza, safi. Ya pili, jasho, moyo, kuta zinacheza. Nikajifanya nasoma tangazo la kukatika kwa maji. Mama wa ghorofa ya pili akatoka kwenda dukani. Akarudi, mimi bado nasoma. Akaniuliza, "Baba, kwani maji yanarudi mwaka gani?"

Hitimisho la kisayansi: kijiko kimoja hakitoshi.

Jumatano, 6 Machi

Vijiko viwili. Nilikufa zaidi.

Alhamisi, 7 Machi

Muuguzi amepiga simu kuulizia nguvu zangu. Nikasema tele. Akauliza kama naanza na mayai, samaki au maharage kabla ya vingine, kidogo kidogo. Kama sinywi maji huku nakula. Kama nameza vidonge vyangu vya vitamini na madini ya chuma kila siku. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa sauti ya mtu mwaminifu. Akauliza kama nagusa vitu vya sukari, maana tumbo likishapunguzwa sukari hukimbilia utumbo moja kwa moja na kumwangusha mtu: jasho, moyo kwenda mbio, kizunguzungu. Nikamwambia, mwanangu, haya nilikuwa nayafundisha kabla hujazaliwa. Akaniaga kwa adabu. Vijana hawa wanakariri tu, hawaelewi.

Hapana, siri ya Shemeji ni kitu kingine. Nimemchunguza. Akitembea, mfuko wa koti lake unalia cha-cha-cha. Dawa! Ana dawa ya nguvu, na amemficha shemeji yake wa damu! (Najua shemeji si wa damu. Nina hasira.)

Ijumaa, 8 Machi

Nimeiba. Uzee wote huu!

Shemeji alikuwa jikoni akinichemshia yai, ana huruma yenye makelele mengi, na koti lake limebaki kitini. Mkono ukaingia, chupa ikatoka. Alipoondoka niliipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Lebo ya kijani. Nikaona hii sura si ngeni. Nikainua macho. Dirisha langu halikai wazi bila kuwekewa kizuizi, na kizuizi chake tangu nitoke hospitali ni chupa yenye lebo ya kijani. Ile ile. Vitamini na madini ya chuma. Haijawahi kufunguliwa.

Nilikaa kitako nikawatazama pacha wale. Lakini mtu wa sayansi hababaishwi. Bila shaka za Shemeji zimetoka kwenye shehena bora. Nikameza kimoja cha kwake. Sikusikia kitu. Nikaongeza kijiko cha maziwa. Nikasikia kitu, nikaenda kulala.

Jumamosi, 9 Machi

Binti yangu amekuja kufanya usafi kabla shangazi yake hajafika. Ni mkutubi, akiachiwa, atapanga hata punje za chumvi. Akauliza mbona vijiko vyote vinanata. Nikasema unyevu.

Akafungua kabati, akanyoosha mkono kwenye suruali yangu ya enzi za unene, ambayo leo ningeweza kuivaa na mpangaji ndani. Anataka kuigawa. Niliruka! Sijui nguvu zilitoka wapi. Nikaikumbatia, nikamwambia kitambaa hiki alinichagulia mama yako, niachieni walau kumbukumbu moja. Macho yakamlengalenga. Akasema, "Basi Baba, haiguswi tena." Akafunga kabati taratibu kama anafunga kaburi.

Nilijisikia vibaya. Si sana.

Kesho ni vijiko vitatu, vya kujaa.

Jumapili, 10 Machi

Dada alifika na mkoba wake mweusi, akasimama chini ya ngazi kama msimamizi wa mtihani. Binti kando yake. Shemeji nyuma, eti anidake.

Nilianza kwa mluzi. Shemeji akashtuka! Ghorofa ya kwanza nikaipita kama bwana harusi. Nikageuka, nikamwona Dada anayenifuata na mkoba wake anahema kuliko mimi, nikaonja utamu wa ushindi. Kisha, chini ya lile tangazo la maji, mluzi ukageuka upepo mtupu. Jasho. Moyo. Kuta. Nikakaa kwenye ngazi na nikajua: ndiyo leo.

Nikamshika Dada mkono. Nikasema nakufa, na kabla sijafa nina neno.

Nikayatoa yote. Kopo. Buti, la kushoto. Vijiko. Chupa ya Shemeji, hii hapa mfukoni, nisamehe. Chupa yangu, dirishani. Kwamba nimemdanganya nesi wa watu. Kwamba miwani ya Dada iliyopotea siku ya harusi ya binti, niliikalia mimi. Kwamba nampenda Dada, ila sitaki kwenda kwake. Nataka redio yangu, dirisha langu na upepo wangu. Binti akalia kwa kwikwi. Shemeji akavua kofia. Mama wa ghorofa ya pili akaleta kiti, akabaki kusikiliza.

Kisha sikufa.

Ni aibu isiyoelezeka. Tulingoja sote. Jasho likakauka. Moyo ukatulia. Mtu akakohoa. Binti aliacha kulia, akanitazama kwa lile jicho la mama yake. Shemeji akavaa kofia.

Dada akauliza, "Kwa hiyo huumwi?"

Nikasema sina hakika.

"Miwani yangu, wewe!" Akavuta pumzi, akatoa hukumu pale pale: "Mgonjwa ningemchukua. Mjinga abaki kwake."

Kopo limetolewa kwenye buti na kumwagwa mbele ya macho yangu. Shemeji atakuja kila asubuhi: kidonge mbele yake, yai mbele yake, kisha ngazi pamoja, mdogo mdogo. Lakini nimebaki kwangu! Chupa imeondolewa dirishani. Nimelizuia kwa buti.

Ijumaa, 29 Machi

Leo nimepanda mpaka juu bila kusoma tangazo. Shemeji anasema ni vidonge na mayai. Muuguzi naye hivyo hivyo. Dada amepiga simu kusema tangu awali alijua. Kila mtu ana haki ya maoni yake.

Mimi ni mtu wa sayansi, na kifo bado kiko njiani, hivyo ni vyema nimalizie ungamo nililoliacha katikati pale ngazini. Mtu anayekufa hakumbuki kila kitu. Jana, kwa kuwa nilikuwa na nguvu tele, nilijituza kijiko kimoja. Nikajikuta sakafuni. Nashuku lile yai.

Na ile suruali, mke wangu, Mungu amrehemu, hakuichagua, aliichukia. Niliinunua mwenyewe, na mguu wa kulia wa suruali hiyo umefungwa fundo kwa chini. Makopo yalikuwa mawili.