Padri Anyamaze, Madeleine Anaongea

Jumatatu, 27 Januari 2025

Goma imeanguka mikononi mwa waasi. Redio imesema asubuhi, na kufikia saa sita hapa Ruashi mtaa mzima unagombania unga. Umeme hakuna. Jirani yangu Kambale, muuza unga kwa jumla, ana mama yake huko Goma na simu haipokelewi. Jenereta yake inanguruma nyuma ya ukuta wangu. Yeye namhurumia. Jenereta siihurumii.

Jumamosi ni misa ya mwaka mmoja ya marehemu mke wangu, Madeleine. Mdogo wake, shemeji yangu Anaclet, ametangaza kwamba yeye ataleta vipaza sauti vya betri, yeye atachagua nyimbo, yeye atahutubia. Mimi nikae kwenye kiti. Eti kipofu na nyaya hawapatani. Mimi, niliyetengeneza redio za mtaa huu miaka ishirini!

Nina mpango. Katika kompyuta nina sekunde arobaini na moja za sauti ya Madeleine, ujumbe aliomtumia Anaclet kwa simu. "Anaclet, kuya ukamate samaki yako ya Pweto. Iko inanuka mu nyumba yote. Bwana yangu anasha kuizoea!" Yaani mimi harufu nimeshaizoea. Kisha anacheka. Hakuna sauti yake nyingine duniani. Kasoro ni moja tu: sekunde kumi na mbili za mwanzo ni jenereta ya Kambale tupu, kwa sababu Madeleine alibonyeza kwanza, akatafuta maneno baadaye. Nitazikata. Nitarekodi na utangulizi wangu. Anaclet atabaki kushika waya.

Jumanne, 28 Januari

Kompyuta hunisomea kila kilicho kwenye skrini, kwa Kifaransa cha puani, kama padri aliyetufundisha imla. Namwita Padri. Hana adabu. Nimerekodi utangulizi mara sita, na mara sita ameingilia. "Wapendwa jamaa na marafiki" — betri asilimia kumi na mbili — "tumekusanyika hapa" — dirisha limefunguliwa.

Adija, jirani yangu mshonaji, amesema nivae visikilizio vya masikioni, Padri ataongea na mimi peke yangu. Fundi wa redio hafundishwi na cherehani! Nimepata dawa yangu mwenyewe: kitufe cha Insert pamoja na S, Padri kimya. Nikahutubia dakika kumi na nane. Nililia mahali panapofaa. Nilipomrudisha Padri akanijulisha kwamba kurekodi kulikuwa kumesimamishwa tangu mwanzo.

Utangulizi nimeufuta. Madeleine hakupenda hotuba.

Jumatano, 29 Januari

Betri imekufa. Ili nikate kelele za jenereta ya Kambale, nimemwomba Kambale umeme wa jenereta yake. Amepitisha waya juu ya ukuta. Bado hajampata mama yake.

Nikafungua ujumbe. Kila Madeleine akianza kusema, Padri anamrukia na kuhesabu sekunde. Nikamnyamazisha. Alipokuwa hai nilimkatiza mara nyingi mno, nikitafuta stesheni. Leo hapana.

Nikasimamisha sauti pale anapoanza kusema. Nikateua kilicho nyuma. Nikafuta. Nikahifadhi juu ya faili la zamani, maana nakala mbili ni za watu wasiojiamini. Safi!

Alhamisi, 30 Januari

Nimemwita Adija awe msikilizaji wa kwanza. Akasikiliza hadi mwisho, akasema polepole: Papa Symphorien, jenereta inasikika muzuri sana. Mama iko wapi?

Sekunde kumi na mbili. Jenereta tupu.

Kitufe cha Home huteua kuelekea mwanzo, cha End kuelekea mwisho. Nilibonyeza End. Adija amenishika kidole na kunionyesha: Home ni ya juu, End ni ya chini. Akabandika kipande cha kitenge juu ya Home. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Sikula.

Ijumaa, 31 Januari

Kwa Anaclet, kwa miguu, na fimbo yangu. Simu yake bado ina ujumbe, asifiwe Mungu. Aliuliza kwa dhihaka kama mashini imenishinda. Aliuliza tena mbele ya mke wake. Kisha akanipa nakala, kwa sharti moja: yeye ahutubie, mimi nikae. Nimekubali. Mlangoni alinishika mkono, akasema na yeye huusikiliza ujumbe ule kila Jumapili.

Jumamosi, 1 Februari

Misa imekwisha, tukakaa uani. Anaclet akahutubia kwa dakika arobaini. Kambale alikuwa amezima jenereta kwa heshima. Kisha ujumbe ukapigwa kwenye vipaza sauti, mzima, nilivyopewa. Mngurumo! Wageni wote wakageukia ukuta wakipiga kelele: Kambale, zima ile kitu! Kambale akaapa kwa Mungu imezimwa. Hapo Madeleine akaingia na samaki wake. Watu wakacheka hadi wakalia. Shangazi mmoja akasema sekunde zile za mwanzo ndizo tamu kuliko zote, ni kama mtu anayesubiri mlangoni.

Nimekaa kwenye kiti changu.

Jumapili, 2 Februari

Mama yake Kambale amepiga simu. Yuko hai. Kambale amenigawia unga juu ya ukuta.

Anaclet ameibiwa simu kwenye foleni ya petroli. Kwa hiyo ujumbe uko kwangu tu. Adija amesema nitengeneze nakala leo leo, kabla sijagusa chochote. Nitatengeneza. Lakini kwa nini ninakili kitu ambacho bado kina jenereta? Kwanza nisafishe, kisha ninakili. Ni akili ya kawaida.

Padri ameanza kuhesabu sekunde. Nimemnyamazisha, Madeleine anaongea.

Kipande cha kitenge kimebanduka. Si kitu. Nakumbuka vizuri: Home ni ile ya chini.