Figo Mbili Badala ya Beringi

Jamani, aibu ya leo sijui niiweke wapi. Nimekimbilia hapa chumba cha intaneti karibu na stendi niwaandikie mwenyewe, kabla hamjasikia kwa rafiki yangu Ngasa. Ngasa ataongeza chumvi. (Chumvi imo kwenye kisa hiki, mtaiona.)

Skuta ya baba mnaijua. Ile ya kijani aliyokuwa anazungukia vituo vya kupimia pamba, enzi za ukarani wake wa ushirika. Wanunuzi binafsi walipoingia, ushirika ukafifia, baba akarudi nyumbani. Skuta ikalala chini ya magunia. Baba naye akanyamaza. Haumwi. Amenyamaza tu, miaka sasa.

Mimi nikaona nikiiwasha skuta, na baba atawaka. (Shule niliishia kidato cha pili. Ndoto ziliendelea hadi chuo kikuu.)

Nikafungua injini. Beringi mbili za krenki, zile bangili za chuma zinazoshika mhimili wa injini, zimekwisha kabisa, ukizizungusha zinalia kama mtu anayetafuna changarawe. Zamani ungeandika barua, ungesubiri, ungezeeka. Siku hizi maduka ya vipuri yamejaa, nikazipata Mwanza, mpya, ukubwa uleule.

Tatizo ni kwamba baba alishaongea na Bwana Chuma, yule anayepita na mkokoteni kununua vyuma chakavu.

"Jumamosi saa nane," baba akaniambia. "Isipowaka, anabeba."

Leo ndiyo Jumamosi.

Sasa, beringi inakaa kwenye kasha la injini kwa kubana. Ukiipiga nyundo unaiua. Fundi mmoja alinifundisha: beringi igandishe, isinyae. Kasha lipashe moto, tundu litanuke. Halafu unaidumbukiza upesi, inaingia yenyewe kama mtu anayerudi kwao.

Friza nikaazima kwa mama mdogo Kabula, anayeuza nyama na samaki wa Lamadi. Jana nikazifunga beringi zote mbili kwenye mfuko mweusi, nikatia na maji ili barafu izishike vizuri. (Fundi hakusema maji. Hilo nilibuni mimi.) Nikauweka mfuko pembeni kushoto. Mama mdogo akasema sawa.

Leo saa sita nikawasha jiko la mkaa uani, nikaweka kasha juu yake. Watu wakaanza kujaa. Ngasa alikuwa amewatangazia, si mimi. (Ni mimi.) Bwana Chuma naye akafika mapema, akakaa juu ya mkokoteni wake, miguu inaning'inia. Baba akatoa kigoda, akakaa mbali kidogo.

Nikalitemea mate kasha. Yakaruka. Tayari. Nikaliepua, nikaliweka chini.

Nikakimbia kwa mama mdogo, nikafungua friza, pembeni kushoto, mfuko mweusi, vitu viwili vya mviringo, baridi hadi vidole vinauma. Nikarudi mbio. Hapo ningefanya kazi kimya kimya, saa hizi ningekuwa nyumbani. Lakini watu wameshajaa, na mimi nina kidato cha pili.

"Ndugu zangu," nikasema, mfuko nimeuinua juu, "chuma kikipata baridi kinasinyaa. Kikipata joto kinatanuka. Hiyo ndiyo sayansi. Tazameni!"

Nikachana mfuko.

Figo.

Figo mbili za mbuzi, zimeganda kwa baridi, zinatoa moshi kidogo.

Ngasa akauliza kwa heshima zote, "Fundi, ya kulia inaingia kushoto, au zote zinaingia popote?"

Uani kukalipuka vicheko. Bwana Chuma akashuka kwenye mkokoteni, akaanza kukunjua kamba.

Nikarudi kwa mama mdogo napumua kama ng'ombe wa plau.

"Mama mdogo, mfuko wangu!"

"Si umeuchukua?"

"Nimechukua figo!"

Akashika kifua. "Yesu wangu. Bibi Minza!"

Bibi Minza ni jirani yetu. Meno amebakiwa na machache, kwa hiyo kila Jumamosi mama mdogo humwekea figo, nyama laini. Asubuhi mama mdogo alipanga samaki, mfuko wangu na wa figo, yote myeusi, ikahama. Bibi alipokuja akapewa mfuko mweusi uliokuwa karibu.

Nikageuka nimkimbilie bibi kwake. Hapakuwa na haja. Nilimkuta langoni kwetu, amefuata kelele, ameshika sufuria kwa kanga, inafuka moshi.

"Mwadila," akasalimia wote, taratibu. Akaniona. "Ng'wanawane, mwanangu, hizi figo ni za mnyama gani? Nililitia kwenye maji bonge zima la barafu, nikajua litayeyuka. Nimechemsha tangu saa nne. Nimechoma kwa uma, uma umepinda."

Nikachungulia. Beringi zangu mbili, katikati ya nyanya na vitunguu. Grisi yote imepanda juu, inang'aa.

"Nilifurahi," bibi akasema. "Nikasema leo zina mafuta."

"Bibi, hukuonja?"

"Nilionja mchuzi. Chumvi ilipungua."

(Nilimpeleka zahanati, msiwe na wasiwasi. Muuguzi alicheka kwanza, ndipo akampima. Yuko salama.)

Lakini kabla ya zahanati nilijaribu. Ndiyo, nilijaribu! Nikatoa beringi kwa kijiko, kitunguu kimoja kimenasa ndani, nikaiweka juu ya tundu. Haikuingia hata kidogo. Ilikalia tundu kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mzee. Maana kasha lilikuwa limeshapoa, na beringi ndiyo iliyokuwa inachemka.

"Fundi," akasema Bwana Chuma, "kilichotakiwa baridi kimekuja cha moto, na cha moto kimepoa. Hiyo nayo ni sayansi?"

Nikainama. Macho yakaanza kuniwasha. (Moshi wa mkaa.) Nikasikia sauti nyuma yangu, kama gunia linachanika. Nikajua baba amekasirika.

Nikageuka. Baba ameinama kwenye kigoda, anashika mbavu. Anacheka. Machozi yanamtoka, hawezi kusema, ananyoosha kidole tu kwenye sufuria, anacheka tena. Mama akatoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko, akamtazama kama mtu anayemwona mgeni aliyemsubiri muda mrefu.

Mwishowe baba akajifuta.

"Hizo figo ziko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Ziweke hapo hapo kwenye jiko lako, mkaa usipotee bure. Moja ya bibi." Akamgeukia Bwana Chuma. "Wewe funga kamba zako. Skuta haiondoki mpaka nione mchuzi wa wiki ijayo."

Beringi nimeziosha kwa mafuta ya taa, lakini moja imeshaanza kukwaruza. Nitatafuta nyingine. Mtaani naitwa Fundi Figo, na jina hilo naona limeingia bila nyundo.

Nawaomba sana msicheke. Baba peke yake anatosha.